Chungu Kisicho na Chumvi

Baba yangu alikuwa seremala, na kwa miaka mingi kinywa chake kilikuwa ghala la misumari. Akipigilia mlango au kitanda aliibana midomoni, vichwa nje, ncha ndani, akawa anachomoa mmoja mmoja bila kuangalia. Tangu utoto nilijua kwamba ukimuuliza kitu wakati huo jibu litakuwa "mmh", na hiyo "mmh" ilikuwa na maana nyingi ambazo mama peke yake aliweza kuzitofautisha. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yetu huko Bunia, chini ya paa la mabati. Mbao zililetwa kwa lori kutoka upande wa msitu, zikiwa bado na unyevu, na nguo zetu zote, hata za kanisani, zilinukia mbao.

Kwa hiyo kidonda kilipotokea pembeni mwa ulimi wake, hakuna aliyeshangaa. Msumari umemchoma, basi. Kiko chake cha tumbaku hatukukituhumu hata siku moja. Mama alichemsha maji, akatia chumvi kwa mkono usio na huruma, akamwambia asukutue. Baba alisukutua asubuhi na jioni huku machozi yakimtoka, kisha akarudi kwenye kazi yake, ila misumari akaihamishia upande wa pili wa mdomo. Hivyo ndivyo tulivyoitibu saratani kwa miezi mingi. Sitaki mtu atucheke. Kidonda kilikuwa mdomoni mwa seremala; wewe ungefikiri nini?

Kidonda kilipoanza kunuka na baba akawa anamwaga uji akiula, tulimpeleka hospitali ya misheni, safari ndefu kwa lori, juu ya magunia ya kahawa. Daktari alimkata kipande cha ulimi. Akamwambia pia kwamba kukata peke yake hakutoshi, kwa hiyo akirudi Bunia itabidi apigwe sindano, apumzike majuma kadhaa, apigwe tena, mpaka daktari mwenyewe aseme imetosha. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na neno kansere, yaani saratani, kwetu lilikuwa la kunong'onezwa. Baba alilisikia mara moja, akalikunja, akaliweka mbali. Kwa majirani ugonjwa ulibaki kuwa msumari.

Sindano alipigwa katika zahanati moja ya mjini na muuguzi mmoja, mama mnene kutoka upande wa Djugu, mwenye sauti ya chini na mikono iliyokuwa na joto daima. Alitueleza mapema yatakayotokea. Alisema dawa hii inaua ugonjwa, lakini inaharibu na vitu vingine njiani, na kinywa ndicho kitakachoona taabu kuliko vyote.

Hakusema uongo. Siku ya sindano baba alitapika. Siku chache baadaye midomo yake ilivimba, na ndani ya mashavu na kooni kukatoka vidonda vyeupe, vidogo vidogo, vingi. Kumeza mate tu kulimfanya ashike ukingo wa kiti. Nywele zikapungua. Mate yenyewe yakawa mazito, na usingizi ukamkimbia. Kisha ladha ikaondoka. Siku moja mama alimpa uji wa soya wenye sukari, sukari tuliyoitafuta kwa shida, akaonja, akaweka kijiko chini.

"Kila kitu iko na ladha ya musumari," alisema. "Uji, maji, maziwa. Nilikaa na misumari mu kinywa miaka yote, ile ladha ninaijua."

Alisema hayo akitabasamu. Mama alitoka nje akajifanya anatafuta kuku.

Ilibidi jiko letu lijifunze upya. Sisi ni watu wa milima ya upande wa Butembo, tuliohamia Bunia kwa ajili ya kazi, na kwetu chakula bila pilipili ni kama hakijaiva. Muuguzi akakataza pilipili, akakataza limau, nyanya, kila kitu cha moto na kila kitu kikavu. Chumvi nayo akaikataza wakati vidonda viko wazi. Mama akawa anaponda maparachichi kwa mwiko, anachuja uji kwa kitambaa, anapeleka maziwa mtoni yapoe, kama mtu anayepeleka nguo. Badala ya maji ya chumvi, baba alisukutua maji ya vuguvugu yenye bikarbonati kidogo. Meno aliyasafisha kwa kitambaa laini kilichozungushwa kidoleni. Tena kulikuwa na dawa ya zambarau ya kupaka kwenye vidonda, iliyompaka midomo, ndevu, mto na kola za mashati. Nilimwambia anafanana na mtoto aliyeiba matunda, naye akanitishia kwa kidole cha zambarau.

Vidonge vya maumivu vilikuwa na saa zake. Saa ya ukutani hatukuwa nayo. Tulikuwa na redio, na betri zake zikichoka mama alizianika juani pamoja na mihogo ili zipate nguvu kidogo. Kengele ya shule ya jirani ilitusaidia zaidi. Ikilia ya kuingia, kidonge. Ikilia ya kutoka, kidonge. Mimi ndiye niliyempelekea karakanani, pamoja na kikombe cha maji, naye alinipokea, akasema "mmh", nikaondoka.

Katika miezi hiyohiyo nilikuwa nachumbiwa. Kijana alikuwa mwalimu, mwenyeji wa Boga, mtu wa maneno machache, na hilo lilinifaa kwa sababu maneno mengi ninayo mimi. Siku ya wakwe kuja kumaliza mambo ya mahari ilikwisha kupangwa. Ni lazima nieleze siku hiyo ilivyo katika ukoo wetu, maana nasikia sasa watu wanapika vyungu vitano na kila mtu anajipakulia.

Wakati ule mbuzi alichinjwa mmoja na nyama yote ikapikwa katika chungu kimoja. Mwanamke mmoja wa upande wa mume aliketi jikoni kwetu tangu moto unawashwa hadi nyama inaiva, ahakikishe kwamba hakuna chungu cha pili. Kisha baba wa msichana na baba wa mvulana walikula katika sahani moja, na baba wa msichana ndiye aliyetangulia kutia nyama mdomoni, akatafuna, akameza, watu wote wakimtazama. Asipokula, amekataa. Hata kama amesema ndiyo tangu asubuhi, tumbo lake limesema hapana, na wageni wanachukua kofia zao.

Baba alilijua hilo kuliko sisi sote, na hakulisema. Sisi tuliona tu anakonda. Uji ulirudi nusu bakuli, kisha robo. Alikaa na shavu mkononi mchana kutwa, randa ikiwa imelala mbele yake. Mama alimuuliza kama vidonge havifanyi kazi. Baba akajibu kwamba vinafanya, vinafanya.

Asubuhi moja mteja alikuja kuchukua meza yake, na mguu mmoja ulikuwa unacheza. Baba alikuwa amejilaza ndani, nikaingia karakanani nichukue msumari niupigilie mwenyewe. Nilifungua kopo la misumari midogo. Juu kulikuwa na misumari. Chini yake kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa kulikuwa na vidonge vyote nilivyompelekea, pengine tangu mwezi uliopita. Vingine vilikuwa vimeanza kushika kutu.

Mimi nina hasira za karibu. Mteja yule alisubiri meza yake kwa muda mrefu. Niliingia chumbani na kopo mkononi.

"Baba, hii ni nini?"

"Dawa."

"Dawa inafanya nini mu misumari?"

"Inangojea," alisema.

"Inangojea nani?"

Alijiinua taratibu, akaegemea ukuta. Alisema polepole, kwa ule ulimi uliopunguzwa, na nilimsikia vizuri.

"Inangojea bakwe. Siku ile nitakunywa yote, nipate kula mbele yabo kama mwanaume. Na sindano yenye kuya, nitaiacha. Kinywa kipone kwanza. Kiisha ndoa, nitarudia."

Niliweka kopo sakafuni. Nilikuwa nikifikiri anakonda kwa sababu ya ugonjwa. Kumbe alikuwa anakonda kwa ajili yangu. Aliumwa mchana na usiku na dawa iko chini ya misumari, akiiweka akiba kwa siku moja, na sasa alitaka kuupa ugonjwa nafasi ili mimi niolewe vizuri. Nilimpenda hadi nikataka kumpiga.

"Kama unaacha sindano," nikasema, "miye siolewi. Bakwe bakae kwabo Boga na mbuzi yabo."

"Weye mutoto, unasemesha baba yako vile?"

"Ndiyo, Baba. Banakukata lulimi, bakasahau kukata yangu."

Mama alikuwa amefika mlangoni, mkono kinywani. Kisha baba akaanza kucheka. Kucheka kulimuuma, akashika taya, machozi yakamtoka, na bado alicheka.

Siku hiyohiyo nilimleta muuguzi nyumbani. Alikaa kitini, akalitazama kopo, akatingisha kichwa bila kukasirika.

"Baba," alisema, "dawa ya maumivu si kuni, uiweke ya siku ya mvua. Inafanya kazi kama unaikunywa kila saa yake, mbele maumivu haijapanda. Ikipanda juu, kuishusha iko kazi ya nguvu. Na ukikunywa yote siku moja utalala usingizi mbele ya bakwe. Batasema umelewa, weye mukristo."

Baba alitazama miguu yake.

"Sindano?" akauliza.

"Sindano hatuache. Ugonjwa haitangojea ndoa."

Kisha akatufundisha jambo dogo ambalo hatukulijua: kidonge kinywewe mapema kabla ya chakula, mtu asubiri kiingie, asukutue, ndipo ale. Sisi tulikuwa tukimpelekea kidonge na uji kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata angekinywa angekula kabla dawa haijafanya lolote. Alituambia pia kwamba vidonge vile vinafunga tumbo, kwa hiyo asinyimwe papai lililoiva wala maji. Alipoondoka, baba alikinywa kidonge mbele yangu, akafungua kinywa changu nione hakipo. Namaanisha kinywa chake. Lakini ndivyo tulivyokuwa siku zile, hatukujua tena kinywa ni cha nani.

Baada ya muda mfupi alianza kulala. Bakuli likaanza kurudi tupu. Nasema mapema ili msomaji asikae roho juu: sindano zilimalizika, na baba aliishi hadi akatengeneza kitanda cha mtoto wangu wa kwanza na wa pili. Misumari aliihamishia kwenye mfuko wa aproni. Lakini hayo tulikuwa hatuyajui bado, na siku ya wakwe ilikuwa inakuja.

Kuiahirisha haikuwezekana bila kutoa sababu, na sababu baba aliikataza. Wakwe walijua alikatwa ulimi kidogo kwa ajili ya msumari. Wakisikia kansere, alisema, wataogopa damu ya binti. Alipigwa sindano yake kama ilivyopangwa, na vidonda vikaja kama vilivyoahidiwa, juma lilelile la wageni. Dawa ya zambarau tuliiacha siku chache kabla ili midomo itakate.

Hapo ndipo mama alipoamua. Hakumuuliza mtu. Alisema tu, akiwa anachambua maharage, kwamba kama chungu ni kimoja, basi chungu hicho kitapikwa kwa kinywa cha baba. Hakitakuwa na pilipili, wala nyanya, wala chumvi. Nilimkumbusha kwamba kumpa mkwe chakula bila chumvi ni kumwonyesha njia ya kurudi kwao. Mama akasema anajua, yeye ndiye aliyenifundisha. Akachukua kisahani, akamimina chumvi ndani, akanipa.

"Utasimama nyuma ya rido," alisema, akinionyesha pazia la mlangoni. "Baba akisha kumeza ya kwanza na ya pili, utaingia na hii. Utaomba samahani. Utasema weye ndiye ulisahau."

Maana yake, mkwe wao mpya angeanza maisha yake kama mwanamke anayesahau chumvi. Nilikubali. Niliona ni bei ndogo, ingawa roho ilinichoma.

Walifika na lori la asubuhi, wakiwa wamejaa vumbi tangu kichwani hadi viatuni. Mwanamke wao wa kuketi jikoni alikuwa shangazi wa mchumba wangu, mrefu, kitambaa chake cha kichwa kimesimama wima. Alikaa kwenye kigoda karibu na moto na hakuacha kitu kipite. Kuni zetu, alisema, zilikuwa mbichi. Ndizi nilizimenya kwa unene. Mimi mwenyewe nilikuwa mwembamba. Mama aliitikia kila neno kwa heshima, akaichemsha nyama muda mrefu, akaongeza maji, akachemsha tena.

"Mama, na chumvi?" shangazi akauliza.

"Bado, Shangazi."

Nyama ilichemka. Mama akatia kitunguu na mafuta. Shangazi aliinama akatazama ndani ya chungu, akanyoosha mgongo.

"Chumvi tutaweka saa ngapi?"

"Itakuya."

"Siye kwetu Boga," alisema shangazi, "chumvi tunaweka mbele nyama haijaiva. Hatukuye huku kulishwa kama bagonjwa."

Chumvi ilikuwa inaadimika sokoni miaka ile, na mwanamke yule bila shaka alidhani tumewabania. Mama angeweza kumaliza mambo yote kwa neno moja, na neno hilo ndilo alilokatazwa. Akakoroga chungu. Mimi nilikwenda kumpa baba kidonge chake, mapema, wakati wageni wakiwa bado katika sala na hotuba. Alisukutua nyuma ya karakana. Abakosti yake, lile koti lake la heshima, ilikuwa imekuwa kubwa, mabega yalikuwa yamebaki hewani, lakini alikuwa amejinyoosha ndani yake.

Nyama ililetwa. Wanawake waliketi mkekani upande mmoja, shangazi mbele yao, uso umekunjwa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na kisahani changu. Baba alichukua kipande, akakipeleka upande wa pili wa mdomo, ule uliozoea misumari, akafumba macho. Mkono wake wa kushoto ulishika goti kwa nguvu. Alitafuna polepole mno. Jasho lilimtoka kipajini, likateremka, hakulipangusa. Akameza. Akachukua cha pili, akameza.

Baba wa mchumba wangu alichukua chake. Alitafuna mara mbili, akasita, akatazama sahani, akaendelea. Wengine nao wakaanza, wakitafuna na kutazamana. Nikasukuma pazia.

Ndipo baba akasema, kwa sauti aliyoikusanya kutoka mbali, "Mama, leo chumvi umeweka muzuri. Minaisikia."

Nilibaki nimesimama mguu mmoja ndani, mmoja nje. Hakuwa amesikia ladha yoyote kwa miezi, wala mpango wa mama hakuujua. Alimsifu mpishi kama inavyompasa mwenye nyumba siku hiyo, akakisia, kama kipofu anayesifu rangi ya kanzu. Mama aliangalia chini. Mimi niliona aibu imetufika, kwa sababu mwanamke aliyekaa mbele ya chungu hicho tangu asubuhi alikuwa palepale mkekani, na hakuwa mtu wa kunyamaza.

Shangazi alimtazama baba. Alitazama lile jasho. Akatazama mkono uliokamata goti, abakosti iliyolegea, na vipande vidogo vidogo ambavyo mama alivikata kama vya mtoto. Kisha akageuza uso akaniona mimi mlangoni na kisahani cha chumvi. Alinitazama kwa muda, na kwa macho tu akanionyesha jikoni.

"Iko, Baba," alisema. "Imeingia yote."

Akanyoosha mkono akachukua kipande kingine, kikubwa. Baba wa mchumba wangu akachukua kingine, kisha wajomba, kisha wanawake wote, na hakuna aliyeuliza kitu. Walikula hadi chungu kikaisha, wakapangusa mchuzi kwa bugali. Mimi nilirudi jikoni nikaimimina chumvi katika kopo lake, yote kama ilivyokuwa, nikakaa kwenye kigoda cha shangazi nikalia.